Treni Iliyonadiwa Behewa kwa Behewa

Watu wa hapa Mbumbuni siku hizi wakimtaja Mwalimu hucheka kidogo kwanza. "Si yule wa treni?" wanasema, halafu wanatingisha kichwa, kana kwamba ni mtoto waliyemfumania na sukari mdomoni. Mimi nikisikia hivyo hasira hunipanda hadi kooni na hapo inakwama, kwa sababu mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiitwa nijibu, hata jibu ninalolijua linakataa kutoka. Kwa hivyo naandika, nyuma ya daftari la Kemia, na sitaficha kitu, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe.

Treni ya Mwalimu iliuzwa kanisani kwa mnada, behewa moja moja, na watu wakapiga makofi. Hakuwa amekufa. Alikuwa hospitalini na mguu uliovunjika, na hakuna aliyemuuliza. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lingine lolote.

Alifundisha hesabu katika shule ya msingi hapa mpaka akastaafu. Mimi hakunipata, alimpata mama. Mama yangu ana watoto wanne na duka la nafaka, na sijaona dereva wa lori anayeweza kumchezea kwa idadi ya magunia, lakini akimwona Mwalimu akija barabarani bado anaficha mikono nyuma. "Huyo alinichapa kwa sababu ya saba mara nane," huniambia, "na mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakujibu." Huwezi kujua kama analalamika ama anajisifu.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, na anatembea kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Sweta lake ni moja, la kijani, lenye vifungo vitatu ambavyo havijuani. Chai yake haina maziwa ya maana. Ukienda kwake ukategemea kula, utarudi na njaa na masahihisho. Aliwahi kuchukua barua niliyotumwa na katibu wa kanisa nimpelekee, akaitia wino mwekundu, akanirudisha nayo. "Mwambie tarehe haianzi sentensi. Na amesahau kusema mkutano ni wa nini." Nilimpa katibu ile barua nikakimbia.

Kuna siku kwa baraza chifu alisoma majina ya waliopewa mbegu, akamalizia kwamba wote ni tisini. Mwalimu akasimama.

"Umesoma themanini na saba. Wale watatu wanaitwa nani?"

"Hayo ni makosa tu ya kuandika, Mwalimu."

"Makosa ya kuandika hayahitaji mbegu. Wasome."

Baraza liliisha mapema siku hiyo. Ninaeleza haya ili mtu asije akasema Mwalimu ni mnyonge, kwamba ndiyo maana walimfanyia walivyomfanyia. Si mnyonge. Na hilo ndilo linaniudhi zaidi, mtalielewa nikifika huko.

Sasa treni. Ni treni za kuchezea, za bati na plastiki ngumu, za zamani sana, ambazo watoto wa ng'ambo walizichoka, ama walizeeka nazo, zikatupwa ndani ya marobota ya mitumba pamoja na wanasesere wasio na nywele. Mwalimu alikuwa anazinunua Tawa siku ya soko, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto juu ya turubai. Mimi nilikuwa naenda naye wakati wa likizo, kazi yangu ikiwa kubeba kikapu chake, kyondo, na ndani ya kyondo hakukuwa na mboga. Kulikuwa na betri ya pikipiki na nyaya mbili.

"Mwalimu, leo nimekuwekea kitu," yule mama anaanza.

"Umeniwekea, ama wengine wamekataa?"

"Aki Mwalimu! Ona hii. Ni ya kitambo, hizi hazitengenezwi tena."

"Kama hazitengenezwi tena, gurudumu la nne litatoka wapi? Hii iko na matatu. Utanipunguzia gurudumu moja."

Kisha anachuchumaa pale pale katikati ya watu, anageuza ile injini tumbo juu, anagusisha nyaya kwenye magurudumu. Ikitetemeka anasema, "Iko hai." Isipotetemeka anasema, "Huyu ni marehemu," na bado anaweza kuichukua, kwa sababu marehemu ana magurudumu na wengine wanayahitaji. Vijana wa boda walikuwa wanakuja kutazama. Mmoja alimwuliza, kama anaongea na nyanya yake, "Susu, unachaji nini hapo?"

"Akili yako," Mwalimu akamjibu bila kuinua kichwa. "Haishiki."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini pia nilitamani siku moja niweze kujibu mtu hivyo.

Ilimchukua miaka kupata treni moja iliyokamilika. Injini nyeusi, mabehewa mawili ya abiria, tangi la mafuta, behewa la wazi la kubebea mizigo. La tano lilikuwa ni chuma cha chini tu, hakina kitu juu. Alipoenda Tulia, upande wa Kitui, kumwona binti yake aliyeolewa huko, akakipeleka kwa mchonga vinyago mmoja pamoja na karatasi yenye vipimo vyote, hadi unene wa ukuta. Mchongaji alifuata vipimo vyote kabisa. Halafu, kwa sababu ni mtu wa vinyago na mkono una mazoea yake, akachonga ndovu kwenye mlango. Akapaka rangi ya viatu, akang'arisha.

"Nilikuambia unichongee ndovu?" Mwalimu alimwuliza.

"Hapana, Mwalimu. Lakini palikuwa wazi."

Alirudi nyumbani akiwa amekasirika, na alibaki amekasirika wiki mbili, na lile behewa ndilo alilokuwa analishika kwa mikono miwili.

Alikuwa ameweka mbao chumbani pale ambapo watu wengine wangeweka kitanda cha wageni. Reli zilizunguka juu ya ile mbao, zikapita chini ya daraja la vijiti, zikapita vituo vitatu vya maboksi ya viberiti. Vituo vilikuwa na majina yameandikwa kwa ile hati yake ya ubaoni: Tawa, Mbumbuni, Tulia. Reli ya kweli haijawahi kufika hata mahali pamoja kati ya hapo. Ilipita kule chini bondeni kwa wengine, na Kitui haikugusa kabisa. Nilipomwuliza mbona hakuandika miji yenye treni, alinikazia macho.

"Hiyo si tayari iko na treni? Mimi nawapelekea wasio nayo."

Fundi wa redio alimtengenezea kisanduku chenye kitasa cha kuzungusha, kinapunguza moto wa betri ili injini iondoke polepole. Kwa maana Mwalimu hakukubali treni iruke kama panzi. "Treni ina uzito," alisema. "Hata kama haina, iwe nao." Alikuwa na ratiba kwenye daftari la mistari ya mraba. Jumamosi saa tisa kamili treni inatoka Tawa. Saa tisa kamili si saa tisa na dakika moja. Inasimama Mbumbuni ukihesabu hadi ishirini. Inafika Tulia, na Tulia ndiko mimi nilikokuwa mkuu wa kituo. Kazi yangu ilikuwa kuinua kadi ya kijani. Nisipoinua, treni haiondoki, hata kama Mwalimu ana haraka. Nilikuwa napenda hiyo kazi kuliko kitu kingine chochote katika maisha yangu, na nilikuwa kidato cha pili. Chekeni mkitaka.

Wajukuu wake wakija kutoka Tulia hawakuruhusiwa kugusa. Wanakaa kwenye benchi, mikono magotini. Mkubwa wao alisema, "Susu, si ni ya watoto?" Akaambiwa, "Watoto waliivunja gurudumu. Nimerithi mimi."

Lakini kwa watu wa nje hakusema hivyo. Hapa nitamlaumu yeye pia, kwa sababu nilisema sitaficha kitu. Mwanamke ambaye hakumwogopa chifu aliogopa kusema anapenda treni. Mchungaji akimwuliza, alisema ni vifaa vya kufundishia, hali alikuwa amestaafu. Wamama wa kanisa wakimwuliza, alisema, "Ni ya wajukuu." Mimi ndiye niliyemwuliza siku moja tukiwa peke yetu, akaacha kufuta reli.

"Naipenda. Kwani mtu akipenda ng'ombe huulizwa?"

"Basi mbona unawaambia ni ya wajukuu?"

"Ili waondoke haraka."

Na kuhusu mimi alisema jambo lingine, ambalo nilifurahi nalo wakati huo na sasa linanichoma. Nilimwuliza kwa nini aliniruhusu mimi na si msichana mwingine. Akasema, "Wewe unafaa. Huongei ovyo." Nilienda nyumbani nikiwa mkubwa.

Mwezi wa saba akateleza kwenye ngazi za tangi la maji, akavunjika mguu. Akapelekwa Kitui, akalazwa wiki nyingi, kwa sababu mfupa ulikataa kushika.

Hapa kwetu mgonjwa akikaribia kurudi nyumbani, wamama wa kanisa wanaenda kumwandalia nyumba. Hakuna anayewatuma, na hakuna anayewazuia. Wanakuja na ndoo, mifagio, kuni, kibuyu cha uji. Wanafua blanketi, wanatoa buibui, wanajaza maji. Ni desturi nzuri. Hata mimi nikiugua nitaitaka. Mama ni mmoja wao, na siku hiyo alinichukua niwasaidie kuteka maji.

Mwenyekiti wa wamama ni mtu mwenye sauti ya kuimbisha hata akiongea. Alifungua kile chumba akasimama mlangoni.

"Haiya! Hii vumbi yote! Hizi vitu za watoto bado ziko?"

"Ni za wale wajukuu wa Tulia," mama mmoja akasema.

"Wale? Wale si wako sekondari sasa? Mwingine amenipita urefu! Hawawezi kuchezea hii kitu tena."

Nikaona wazo likiingia kichwani mwa mwenyekiti, na uso ukang'aa. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mavuno.

"Unajua Mwalimu hatakuwa na kitu cha kutoa? Shamba hakuvuna mwaka huu, na hajawahi kukosa kutoa hata mwaka mmoja. Tumtolee hizi. Asipitwe na baraka akiwa kitandani."

"Amina," wakasema. Mama yangu pia alisema amina.

Walipakia treni kwenye karai la nguo. Injini chini, mabehewa juu, reli zikang'olewa kutoka kwenye mbao kwa mikono, misumari ikilia. Vituo vya viberiti vilifagiliwa. Mlango wa kile chumba una tabia ya kujifunga, na mwenyekiti alikuwa ameshika karai kwa mikono miwili.

"Mwiitu, hebu tushikie mlango," akaniambia, kama wanavyomwita msichana yeyote hapa.

Nikaushika. Alipita mbele yangu, karibu kabisa, na lile behewa la ndovu lilikuwa juu ya vitu vyote. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa manne tu: hiyo ni ya Mwalimu. Niliushika mlango mpaka wakapita wote, hadi yule wa mwisho aliyebeba ufagio.

Kama hamjui mnada wa mavuno ulivyo, watu huleta walichovuna: mahindi, pojo, malenge, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha vinauzwa hapo uwanjani na pesa zinaenda kwa kazi ya kanisa. Lakini hakuna anayenunua kama dukani. Mtu ananunua kuku, anasema, "Namrudisha, auzwe tena," na kuku yule anauzwa mara nne na bado yuko pale pale amelegea. Mwingine ananunua malenge na kumpa mama mkwe mbele ya watu. Ni furaha, kila mtu anataka aonekane ametoa. Mnadi wetu ni mzee mmoja wa kanisa, na anaweza kukuuzia koti ulilolivaa.

Aliinua karai. "Na hii ni sadaka ya Mwalimu wetu, aliye kitandani! Apigiwe makofi!"

Makofi.

"Sasa tukiuza yote pamoja ni nani ataimudu? Tuuze moja moja, kila nyumba ipate baraka!"

Mwalimu alipanga ile treni miaka yote hiyo, gurudumu kwa gurudumu, na mtu mmoja akaimaliza kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe ilisifiwa. Tangi la mafuta lilinunuliwa na mtu wa petroli ya chupa, watu wakacheka. Mabehewa ya abiria yakaenda nyumba mbili tofauti. La wazi likaenda kwa mama fulani aliyesema litafaa kuwekea sabuni. Lile la ndovu mtu alimnunulia mke wa mchungaji. Reli zilinunuliwa kama fungu moja na jirani yetu anayefuga kuku, na mpaka leo ukienda kwake utaziona, amezifunga kwa waya kwenye mlango wa banda. Sijawahi kula yai lake tangu siku hiyo.

Ikabaki injini. Nilipiga hatua mbili kwenda mbele. Mama akaniona. Hakunikataza. Aliniangalia tu kama mtu anayeuliza, "Unaenda wapi?" na mimi, mkuu wa kituo cha Tulia, nikarudi nyuma hatua mbili, nikasimama karibu na mlango wa kanisa. Mwenye bucha akashinda. Aliinua injini juu kama kombe.

Mwalimu alirudi siku ya Jumatano, na magongo mawili. Nyumba ilikuwa safi. Uji ulikuwa umepikwa. Wamama walikuwa wamejipanga na wimbo. Aliwasalimia mmoja mmoja, akafika kwenye kile chumba, akasimama. Mbao ilikuwa imesuguliwa, nyeupe, ina matundu ya misumari. Mwenyekiti akamweleza kwa ile sauti yake, akamaliza, "Tulikutolea, Mwalimu! Haukupitwa!"

Nilingoja. Nilijua sasa mtu atatiwa wino mwekundu. Nilikuwa hata nimemhurumia mwenyekiti.

Mwalimu alikaa kimya muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha akasema, "Asanteni."

Asanteni! Huyo ndiye aliyemwambia chifu asome watu watatu. Nilikasirika naye kuliko nilivyowakasirikia wao. Jioni hiyo nilimwambia mama kwamba walimwibia Mwalimu. Ilitoka kwa sauti ya chini, lakini ilitoka. Mama akaacha kuchagua pojo.

"Usiseme hivyo tena. Tuliiba tukaweka wapi? Umeona moja hapa?"

"Si yake?"

"Yeye mwenyewe alisema ni ya wajukuu."

"Mngemwuliza."

"Mgonjwa?" Mama alishangaa kwa kweli. "Unaenda kumwuliza mgonjwa mambo ya vitu vya kuchezea?"

Hapo ndipo nilipoona ukuta. Hawakuwa wabaya. Ningependa wangekuwa wabaya, ingekuwa rahisi. Walibeba maji kutoka mbali kwa ajili yake, mabega yakawauma. Lakini haikuingia akilini mwa hata mmoja wao kwamba mwanamke mzee anaweza kuwa na kitu ambacho si cha mtoto wake, si cha mjukuu, si cha kanisa. Kitu chake tu.

Jumamosi ziliendelea. Nilikuwa naenda bado, nafagia, namchotea maji. Saa tisa ikifika niliendelea kufagia. Siku moja nilimwambia ningeweza kwenda nyumba kwa nyumba kuomba mabehewa. Akasema, "Kilichowekwa madhabahuni hakiombwi. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, kwa darasa la Jumapili. Ukienda utaniaibisha." Basi sikuenda. Kunyamaza nilikuwa nimezoea.

Sasa nifike wiki hii. Ni likizo, niko kidato cha tatu. Jana asubuhi Mwalimu alituma ujumbe nije na gazeti kuukuu. Siku hizi ana gongo moja. Kyondo kilikuwa tayari mezani, na nilipokiinua nikajua uzito wake: betri. Sikuuliza. Tulitembea polepole hadi nyumbani kwa mwenye bucha, nyuma ya soko.

Mwenye bucha ni mtu mkubwa, shingo yake ni kama yangu mara tatu, na alikuwa mwanafunzi wake. Alipotuona langoni alivua kofia. "Karibu, Mwalimu. Karibu sana. Mama watoto! Chai!"

Injini ilikuwa sebuleni juu ya kabati la televisheni, imewekwa kwenye kitambaa cha kufuma, na kwenye bomba la moshi walikuwa wamechomeka ua la plastiki. Mwenye bucha alimwona akiitazama, akaanza kutoa jasho.

"Mwalimu, kuhusu hiyo... mimi nilinunua kwa roho safi. Hata watoto hawaigusi. Ni baraka ya nyumba."

"Sijakuja kuichukua. Nimekuja kuitia mafuta. Injini ikikaa hivi bila kuzunguka, inakauka ndani, inashika."

Akaketi. Nikatandika gazeti. Alitoa ua, akageuza injini tumbo juu, akachovya sindano kwenye kichupa cha mafuta ya cherehani, akaweka tone moja hapa, tone moja pale, mengine akayafuta kwa pamba. Kisha akagusisha nyaya.

Kimya. Akangoja, akasukuma gurudumu kwa kidole. Kimya. Akagusisha tena, na ile injini ikaguna, ikakohoa, magurudumu yakazunguka.

Mwenye bucha aliruka. "Kumbe inazunguka!"

Miezi yote hiyo. Alikuwa nayo juu ya kabati lake miezi yote hiyo na hakujua inazunguka. Nilimwangalia Mwalimu, nikadhani sasa, sasa. Alimwangalia yule mtu mzima kama anavyomwangalia aliyesahau saba mara nane. Halafu akatoa nyaya, akaifuta injini, akairudisha kwenye kitambaa. Alirudisha hata lile ua.

"Asante sana, Mwalimu. Utakuja tena lini?"

"Ikikauka."

Hakungoja chai. Tulitoka, na tulipofika barabarani kitu kikanipasuka.

"Kwa nini hukumwambia? Kwa nini husemi ni yako? Wewe unasemea watu wote, yako husemi! Unaweka na ua! Yeye hata hajui inazunguka, na wewe unamtilia mafuta!"

Nilikuwa napiga kelele barabarani. Mimi. Mtu wa mkokoteni alisimamisha punda akatutazama. Mwalimu aliegemea gongo lake, akaniacha nimalize.

"Siku ya mnada ulikuwa wapi?"

"Karibu na mlango wa kanisa."

"Na siku walipobeba?"

Nilidhani hajui.

"Mama yako aliniambia. Ulishika mlango." Hakusema kwa ukali, alisema kama anayesoma hesabu ubaoni. "Mimi nilikuwa kitandani, mguu umefungwa. Nikisema sasa, ninadai sadaka irudishwe. Wewe ungesema siku ile, ungekuwa unasahihisha makosa. Umeona tofauti? Mimi siwezi tena kusahihisha hii. Sikuwa kwa hiyo darasa." Akahamisha gongo mkono. "Kwa hivyo usinipigie kelele mimi. Mimi si mwenye bucha."

Akaondoka, hatua, gongo, hatua, gongo. Hakugeuka kuona kama nafuata.

Nilisimama pale na kyondo, na betri ikinivuta bega. Nilimchukia dakika nzima. Kila nilipotafuta mahali amekosea sikupata, na hilo lilizidisha chuki. Kisha nikageuka.

Lango lilikuwa bado wazi. Mwenye bucha alikuwa sebuleni, ameinamia injini, anasukuma gurudumu kwa kidole kama alivyoona. Mke wake alikuwa akiingia na vikombe.

"Umesahau kitu, mwiitu?"

"Ndiyo," nikasema. Maneno yalitaka kurudi ndani, nikayashikilia. "Hiyo injini si sadaka ya Mwalimu. Hakuitoa. Wamama waliibeba kwa karai akiwa hospitalini, na hakuna aliyemwuliza. Ni yake. Si ya wajukuu. Ni yake mwenyewe, aliinunua Tawa, na anaipenda. Najua kwa sababu nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewashikia mlango."

Mke wake aliweka vikombe chini. Mwenye bucha alinitazama, akatazama injini, akanitazama tena. Sikushusha macho. Nilikaa pale nikingoja anijibu.